Swali la Farasi Alilobaki Nalo Ta Evarist

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mwalimu Evarist Mushumbusi anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha hisabati shuleni kwetu hapa Muleba. Wengi mnamwita Ta Evarist, kwa heshima ya Kihaya. Mimi nimekaa naye meza moja ofisini miaka kumi na tisa, nikilalamikia kikohozi chake naye akilalamikia mwandiko wangu, na sasa nimeombwa niandike mazuri yake. Yapo mengi. Nitaandika moja, na si la kufurahisha sana.

Mwaka 1996 alianzisha klabu ya chesi kwa ubao mmoja na nakala ya kitabu ambacho maandishi yake yalishaanza kufifia. Baba yake alikuwa katekista kule Ijumbi, basi naye Ta Evarist alifundisha ufunguzi wa mchezo kama katekisimu: yeye anauliza, darasa zima linajibu kwa sauti moja. Mweupe akisogeza askari wa mfalme, mweusi anajibu nini? Ukipita dirishani ungedhani wanaandaliwa komunyo ya kwanza. Tulimcheka, lakini vikombe vilikuja.

Mwaka 2009 alimpeleka Kemilembe, binti wa kidato cha tatu, kwenye mashindano katika ukumbi mmoja wa kata ya Bakoba, mjini Bukoba. Binti alikuwa amekariri hatua kumi na mbili za mwanzo. Kwenye hatua ya pili tu, mpinzani wake akasogeza askari wa pembeni kabisa, hatua isiyokuwamo kitabuni. Kemilembe akaendelea kutoa majibu yale yale, ingawa maswali yalishabadilika. Hatua ya nane malkia wake akaliwa. Ukumbi ukacheka.

Wakiwa njiani kurudi, alimuuliza mwalimu wake kwa nini farasi huwekwa pale anapowekwa. Ta Evarist alinisimulia mwenyewe kwamba alitazama migomba mpaka Muleba, maana jibu hakuwa nalo. Naye alikuwa amekariri tu. Binti hakugusa chesi tena.

Jambo hilo lilimuuma kwelikweli. Alipiga marufuku kukariri, akaanza kujifunza upya saa za mapumziko, akichunguza kila hatua ya mwanzo inatafuta nini. Mwanafunzi akisogeza kete bila kutaja sababu, anairudisha. Akitaja sababu ya maana, anapewa punje ya kahawa atafune. Vikombe vilipungua, wazazi wakanung'unika, yeye hakujali.

Na jibu alilipata: farasi hutoka mapema ili aitazame katikati ya ubao, na ampishe mfalme akajifiche. Miaka mitatu iliyopita aliambiwa kuwa Kemilembe ni muuguzi huko Rubya. Akapanda gari, akaenda, akamweleza, akampa na punje ya kahawa. Alirudi amechangamka, siku hiyo hata kikohozi sikukisikia.

Mwezi uliofuata akaenda tena kumweleza. Na uliofuata.

Ameniruhusu niandike hili, kwa kuwa mmeshaona wenyewe: kumbukumbu inamtoka. Tangu mwaka jana anaingia madarasa yasiyo yake, na majina yetu yanampotea, langu likiwemo. Nimeumia, sifichi. Hatua za kitabuni nazo zimefutika zote. Lakini ukimketisha mbele ya ubao wa chesi atajiuliza sababu, na polepole ataifikia hatua ile ile.

Kemilembe aliniambia kwamba mwalimu wake ameshafika mara kumi na moja. Kila akifika, Kemilembe anamketisha, anamuuliza lile swali la mwaka 2009, kisha anasikiliza mpaka mwisho. Punje zote anazo kwenye kopo, hajatafuna hata moja.

Ta Evarist, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea siku tulivu nyumbani Ijumbi, pamoja na mkeo, mama yetu Adventina. Nanyi mtakaopita kumsalimu, muulizeni habari za farasi. Akishawajibu, msimwambie kwamba mmeshasikia.

Gamaliel Avit, Idara ya Hisabati