Aliyeifunga Koki kwa Mkono Wake

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mtambo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga. Alisoma hadi kidato cha pili, karo ikakosekana, akaingia chuo cha ufundi. Kuanzia 1972 alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha mbao, miaka thelathini na miwili, akastaafu na vidole vinane.

Alimuoa mama yetu, fundi cherehani, tarehe 16 Desemba 1978. Kabla ya hapo alikuwa amemtengenezea cherehani mara tatu. Mama anasema mara ya tatu haikuwa mbovu hata kidogo. Baba alikuwa ameilegeza skrubu mwenyewe ili apate sababu ya kurudi.

Baada ya kustaafu hakutulia. Alichukua pampu kuukuu ya kiwandani, akaigeuza kuwa mtambo wa umeme, akaifunga mtoni. Majirani walichimba mfereji kwa zamu, kila nyumba siku yake. Tarehe 20 Mei 2009 taa ziliwaka katika nyumba sitini na nne na zahanati. Miaka kumi hatukujua giza.

Kisha serikali ikaja kutusaidia.

Mwaka 2019 afisa wa nishati alileta fomu ya mpango wa kuunga mkono umeme wa wananchi. Tungepata mtambo mpya na nguzo za chuma. Tatizo, alisema, fomu ni ya vijiji visivyo na umeme. "Mzee, zimeni kwanza. Wiki mbili tu, wakaguzi wapite." Mama aligoma. Baba akamwambia, "Mama watoto, hawa ni watu wa serikali, watatudanganyaje?" Tarehe 11 Juni akaifunga koki ya maji yanayozungusha mtambo, kwa mkono wake. Sisi tukapiga makofi, mimi nikiwemo.

Wakaguzi walikuja baada ya miezi saba. Wakaukuta mtambo umesimama, wakaandika: "Mradi haufanyi kazi. Haustahili kusaidiwa." Jamani! Baba akakata rufaa. Wakafunga mnyororo kwenye koki, wakabandika karatasi yenye muhuri: asiguse mtu mpaka rufaa isikilizwe. Baba alikuwa mtu wa kufuata sheria, hakugusa. Ila kila asubuhi, miaka mitatu na nusu, alishuka mtoni kuondoa majani kwenye chujio la mtambo usiozunguka. Ofisini walimwambia njoo kesho mpaka mlinzi akawa anamwita shemeji.

Vumbi la mbao lilikuwa limemmaliza mapafu. Tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, pumzi zilimbana, tukamkimbiza zahanati. Mashine ya oksijeni ilikuwepo, hatua mbili kutoka kitandani, imefunikwa kitambaa safi. Muuguzi aliifunua, akaitazama, akalia. Umeme hakuna. Tukampakia kwenye gari la mchanga twende hospitali ya wilaya, akatutoka njiani. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Msimlaumu mtu. Koki niliifunga mimi."

Baba, nilikuheshimu maisha yako yote. Hapo tu nakukatalia.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, dada mmoja, na rufaa ambayo haijasikilizwa.

Afisa wa nishati tunaye hapa, kiti cha mbele. Tunashukuru kwa shada la maua. Kaburi likishafukiwa, hatutaenda nyumbani moja kwa moja, tutapitia mtoni. Msumeno wa kukatia mnyororo ninao kwenye mkoba, na Mama ameomba aanze yeye. Afisa, karibu uandike majina. Anza na langu, mimi ni binti yake wa kwanza.

Baba, Mungu akupe pumziko. Koki tunakwenda kuifungua.