Nilipoitwa Tena Kumtafsiria Mheshimiwa

Mama zangu, dada zangu, mnaniona nimesimama hapa nacheka. Msidhani ilikuwa rahisi.

Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria mheshimiwa mmoja aliyegombea ubunge, kwenye mikutano yake ya kampeni. Yeye anasema Kiingereza, mimi natoa Kikakwa na Kiswahili. Katika kijiji kimoja kule Koboko aliahidi pampu ya maji, nami nikaitangaza kwa sauti yangu yote. Akashinda uchaguzi, akaniacha bila hata kunipigia simu. Pampu haikuja.

Sasa niambieni, lawama alibeba nani? Mimi! Nikifika sokoni Koboko na vitenge vyangu, wanawake wananizomea: "Mama ya pampu! Maji iko wapi?" Biashara ikafa. Nikahamia kwa dada yangu hapa Pajulu, nikajifungia ndani, naogopa hata kusalimiwa. Ninyi wa kikundi hiki ndio mliogonga mlango mpaka nikafungua.

Nilipoanza tena kuuza vitenge Arua, na kampeni zimerudi, simu ikalia. Mheshimiwa mwenyewe.

"Dada, Jumamosi tuko Koboko. Vaa vizuri."

Basi! Hakuna "habari yako", hakuna "pole". Nilitaka kukata. Nikafikiri: nisipokwenda, atachukuliwa dada mwingine, naye atazomewa kama mimi. Nikaenda.

Kijiji ni kilekile. Akaanza kwa Kiingereza chake: atawaletea maji. Ndugu zangu, nawaambia, nilichoka. Watu wote wananikodolea macho mimi, si yeye!

Nikamgeukia. "Mheshimiwa, maneno haya nilishayasema. Leo yaseme mwenyewe. Kiswahili unakijua, ndicho unachonunulia nyama Arua."

Nikampa maikrofoni.

Jasho likamtoka. "Mimi nataleta maji," akasema.

Mama mmoja akasimama. "Ile ya kwanza iko wapi?"

Akanitazama. Nikatazama chini. Ikabidi ajibu: "Sikuifuatilia."

Aliondoka na gari lake, akaniacha palepale. Yule mama aliyeuliza, mmoja wa walionizomea sokoni, akanisogezea kiti. "Keti, mama. Leo tumejua mutu ya kuuliza."

Pampu bado haijafika, kwa hiyo msipige makofi. Lakini sasa wanamdai yeye, na mimi nauza Koboko bila kuzomewa. Asanteni ninyi mliogonga. Na wewe uliyekaa hapo na lawama ya mkubwa kichwani, mrudishie mwenyewe, mbele ya watu.