Ndani Mwachie Mwenyewe

Kijiwe chetu kina benchi moja refu, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na ukikaa kwa kishindo mwenzako wa upande wa pili anainuka bila kupenda. Mimi nakaa nchani na sanduku langu la kushonea viatu. Wananiita Gundi, jina silipendi, lakini nani kaniuliza? Kando yangu hukaa Tairi, fundi pancha, halafu Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kuingia ila kama shahidi; kazi yake ni kutoa fotokopi. Mwisho kabisa ni Povu, anayeosha magari kwa mkono, na ndoo zake mbili miguuni. Kahawa anauza Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa, lakini thubutu umwite jina jingine. Ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yetu, ndiko walikoisimamisha ile Mashine: banda refu la kuta za vioo, gari linaingia chafu na dereva wake ndani, mabrashi marefu kuliko mtu yanalizunguka, povu linalifunika lote, kisha linatokea upande wa pili linang'aa. Tangu ije, hapa hapana mada nyingine. Mchana ule mawingu yalikuwa mazito, na hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi.

Povu: Leo namuuliza. Akija tu, namuuliza mbele yenu nyote.

Tairi: Nani tena?

Povu: Usijifanye humjui.

Tulimjua sote. Ni Kimya, dereva wa teksi, mwenzetu wa siku nyingi. Mtu yule maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kikombe. Gari lake ni la zamani, vioo vyake unazungusha kwa mkono, na tangu alinunue halikuwahi kuoshwa na mtu mwingine ila Povu. Kisha mkewe akafariki. Tukazika, tukakaa matanga, tukarudi kazini. Tangu hapo Kimya hakukanyaga tena kijiweni. Gari analipeleka kwa Mashine kila siku, chafu au safi.

Povu: Zamani akipita alikuwa ananipigia honi moja, "pii", basi najua kaniona. Sasa hata honi! Kanitupa jongoo na mti wake.

Shangazi: Mtu ana msiba, Povu.

Povu: Na mimi je? Marehemu si alikuwa shemeji yangu? Nani alibeba jeneza upande wa mbele? Leo akiniambia nimemkosea, nitamwomba radhi hapa hapa. Akiniambia hanitaki, nabeba ndoo zangu, na kijiweni hapa hamtaniona tena.

Tulizoea kumsikia akitishia kuhama. Lakini siku ile alikuwa amekwisha kunja vitambaa vyake vyote na kuvifunga kwa kamba. Nilijishughulisha na soli ya kiatu, maana machozi ya mtu mzima mimi siyawezi.

Wakili: Usimchukie, Povu. Mwenzako kachagua maendeleo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana Mashine inamaliza upesi.

Mimi: Hiyo methali umeisimamisha kwa kichwa.

Wakili: Methali ni kama soksi, Gundi. Inavaliwa pande zote.

Povu: Maendeleo gani? Mkono una macho, bwana! Mkono unakuambia hapa gari liligongwa, hapa mtoto alitapika, hapa mwenye gari alilia akafuta kwa kiganja. Yale mabrashi yanajua nini?

Tairi: Labda yanajua kuliko wewe.

Povu: Una maana gani?

Tairi akasogeza kikombe chake karibu na kifua. Ni mtu wa utani, lakini siku ile hakucheka.

Tairi: Juzi kaja mteja, katoka moja kwa moja pale ng'ambo. Analalamika gari linavuta upande mmoja. Nikapima upepo, tairi zote sawasawa. Nikapima tena. Sawasawa. Nikarudi nyuma nikalitazama. Limelalia upande wa abiria, jamani, kama kuna mtu kakaa. Na kiti kitupu.

Shangazi: Loh!

Wakili: Springi hizo.

Tairi: Springi nazijua kama nilivyomjua mama yangu. Nilimwambia nenda, halina kitu. Ningemwambia nini?

Wakili: Basi nitawaeleza mimi, maana naona mnababaika. Siri iko kwenye maji. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wale wanayazoa! Chini ya lile banda kuna tangi. Maji yaliyoosha gari lako yanarudi, yanaosha la mwenzako. Sasa hebu fikirini. Asubuhi wanaosha gari lililotoka kuzika. Mchana unaingia wewe, huna hili wala lile. Unatoka gari linang'aa, kumbe umebeba msiba wa watu.

Mimi: Wewe ulikuwa unaisifia sasa hivi.

Wakili: Naisifia kwa upesi. Kwa hayo mengine sijaisifia.

Shangazi: Na wanavyowaambia madereva, mmesikia? Funga vioo, toa gia, ondoa mikono kwenye usukani. Mtu mzima na akili zako, unakaa gizani unasukumwa kama maiti. Mimi siingii hata mnipe birika la dhahabu.

Ng'ambo kule mabrashi yalikuwa yanazunguka, vuu, vuu, na mlio wake ulitufikia kwa chini chini.

Povu: Mimi nataka kujua kosa langu tu. Siku ile tulipoanua matanga nililiosha lile gari kuliko siku zote. Sikumwambia, nilitaka ashtukie tu. Nje, ndani, mazulia, mpaka chini ya viti. Kile kioo cha abiria kilikuwa na doa la mafuta kwa ndani, doa sugu, siku zote nalipitia juu juu kwa sababu shemeji yupo kwenye kiti, namwonea haya kumwamsha. Siku ile nikasema hapana. Nikalisugua kwa siki na gazeti mpaka likatoka. Kioo kikabaki kama hakuna kioo. Sasa hapo nimekosa nini?

Shangazi aliacha kupangusa vikombe.

Shangazi: Doa lilikuwa sehemu gani ya kioo?

Povu: Huku juu, usawa wa kichwa. Kwani vipi?

Shangazi: Hakuna.

Lakini alikuwa anatazama chini. Na mimi nikamkumbuka marehemu. Miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo hakuwa anashuka. Kimya akimtoa kazini jioni husimamisha gari hapa mbele ya benchi, mama wa watu kalala, kichwa chenye mafuta ya nazi kakiegemeza kiooni. Shangazi hugonga kidogo. Kioo kinazungushwa, kile chuma kigumu cha kuzungushia kikilalamika kri, kri, kri, na mkono unatoka kupokea kikombe. "Ahsante wifi," basi. Kila siku. Nilitaka kumwambia Povu, nikarudi kwenye soli yangu. Jambo kama lile unalianzaje?

Tairi: Huyo anakuja.

Teksi ya Kimya ilipita mbele yetu taratibu. Hakupiga honi wala hakugeuka. Ikaingia kwenye foleni, na nyuma yake likaja gari jekundu. Mfanyakazi wa Mashine akampungia, Kimya akaingia. Povu alisimama, benchi likainuka upande wake, Wakili akamwagikiwa kahawa.

Povu la sabuni likaanza kushuka juu ya gari. Paa likapotea, vioo vikapotea, mabrashi yakakaribia. Kisha, pu! Umeme ukakatika.

Mabrashi yalisimama yakining'inia. Hujui sauti ya kitu ilivyo kubwa mpaka inyamaze. Gari la Kimya lilikuwa katikati ya banda, jeupe lote, halionekani mlango wala dirisha. Hakushuka. Tulingoja ashuke, hakushuka.

Kutoka gari jekundu akateremka mwanamke wa makamo, mgeni kabisa machoni petu. Akavuka barabara na funguo mkononi.

Mgeni: Habari zenu wazee wangu. Samahani, mna maji ya kunywa?

Shangazi: Yapo mwanangu. Una kiu?

Mgeni: Si yangu mimi. Ni ya yule mama aliye kwenye teksi iliyonitangulia. Naona kama anaumwa. Kaegemeza kichwa kiooni tangu foleni, hajakiinua. Sasa wamekwama mle ndani na joto hili. Ni nani yake yule dereva?

Wakili hujibu hata swali lililoulizwa ukuta. Safari hii alianza kufuta kahawa shatini. Mimi sindano ilinichoma kidole na sikuisikia mpaka nilipoiona damu.

Mgeni: Jamani, si nimeuliza tu?

Povu aliinama, akafungua ile kamba ya vitambaa, akachukua ndoo zake zilizojaa maji na kuvuka barabara. Shangazi akaita, "Povu, subiri umeme urudi!" Wapi! Mimi nikamfuata. Msiniulize kwa nini, mtu mzima naye hufuata mambo.

Mfanyakazi wa Mashine alitupisha. Yeye mwenyewe hakujua la kufanya. Ndani ya banda palikuwa na baridi ya peke yake. Povu akamwaga maji paani kwanza, kama anavyoanza siku zote, akapangusa, akaja upande wa dereva. Povu la sabuni likateremka, na Kimya akaonekana. Alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja. Kioo chake alikuwa amekishusha kidogo.

— Kimya, ndugu yangu, alisema Povu. Nimekukosea nini?

Kimya alimtazama muda.

— Ulilifuta, alisema.

— Nililifuta nini?

— Doa lake.

Ndoo ilimponyoka Povu, maji yakakimbilia kwenye mfereji. Mtu mzima yule alishika kichwa kwa mikono miwili, mikono yake ile yenye macho, akalia bila kujificha. Akawa anasema sikujua, wallahi sikujua, nilitaka ukute gari safi. Na mimi machozi yalinitoka, niliyedai siyawezi.

— Najua hukujua, alisema Kimya. Nilishindwa kukuambia, na kukutazama nikashindwa. Basi, usilie. Humu giza likiingia, povu likifunika pande zote...

Hakumaliza. Aligeuza macho kidogo upande wa abiria, kama mtu anayeangalia kama amemwamsha aliyelala. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Nje osha, Povu. Ndani mwachie mwenyewe.

Povu akafuta uso kwa kitambaa cha gari. Akazunguka boneti, mimi nyuma yake. Kioo cha abiria ndicho kilichobaki cheupe. Aliweka kitambaa juu yake, akakipitisha mara moja, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kwa ndani ya kioo, huku juu, usawa wa kichwa, palikuwa na doa la mafuta. Lilikuwa bichi. Tone dogo lilikuwa bado linateremka, na harufu ya mafuta ya nazi tuliisikia sote wawili. Povu alinitazama, nikamtazama. Akamaliza kuosha.

Umeme haukurudi, na kuwasha injini mle ndani kumekatazwa, ikabidi tulisukume gari kutoka bandani, mimi, Povu na yule mfanyakazi, likavuka mpaka mbele ya benchi. Tairi alichuchumaa kuangalia matairi, ndiyo salamu yake kwa kila gari. Akaangalia ya mbele upande wa abiria, akasimama haraka.

Tairi: Limelalia upande.

Wakili: Springi hizo.

Shangazi alitikisa birika akasikiliza. Kilibaki kikombe kimoja. Alikimimina chote, na badala ya kumpa Kimya, akazunguka na kwenda upande wa pili. Akagonga kioo kidogo, kama zamani.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa dereva. Mikono ya Kimya ilikuwa juu ya usukani, yote miwili, niliiona kwa macho yangu haya. Na kile chuma kigumu kikaanza kulalamika. Kri, kri, kri.

Kisha gari likawaka. Shangazi akarudi nyuma kulipisha. Kimya akaondoka polepole, na alipofika mbele ya Povu akapiga honi moja, "pii". Povu aliinua mkono, akabaki ameuinua mpaka gari likakata kona.

Mgeni alikuwa bado amesimama na chupa ya maji aliyopewa na Shangazi, hajui ampe nani.

Mgeni: Shangazi, na kikombe chako?

Shangazi alitazama viganja vyake vitupu. Akaligeuza birika juu chini, likadondosha tone moja.

Shangazi: Kimepokelewa. Haya, kahawa imekwisha, nendeni makwenu.