Karai Moja Kabla ya Muthokoi

Mheshimiwa Bwana DO, uliyefika mapema mpaka tukashangaa, Chifu wetu, Pasta na mama Pasta, Mzee Abdow na mama Deqa, majirani zetu wa sokoni Mwingi, walimu, wazee wenye viti na wazee waliokosa viti, akina mama wa mwethya ya Ngwatanio, kikundi chetu cha kazi ya pamoja, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta wa silanga, bwawa letu hili, ingawa mmeambiwa ukuta huo si benchi: nawasalimu nyote. Na wewe kijana wa televisheni kutoka Nairobi, unayenitazama kwa jicho moja kupitia hiyo mashine, nimekuweka mwisho si kwa dharau. Nimekuweka mwisho kwa sababu nina kazi na wewe, na usiende kunywa chai kabla sijamaliza.

Wengi mnanijua. Kwa wasionijua, mimi ni Kavata. Watoto wananiita Susu, yaani nyanya, na wale niliowachapa wananiita hivyo hivyo lakini wakiwa mbali kidogo. Shule nilisoma ya ngumbaru, nikaacha siku mwalimu alipotuita watoto, na mimi ndiye niliyemzalisha mama yake. Kwa hivyo msingoje Kiswahili cha redio. Nimeambiwa niseme maneno machache kwa niaba ya akina mama, ya kumuaga Bwana Muthama, naibu wa chifu wetu, anayestaafu leo. Maneno nitasema. Hayo machache ndiyo siwaahidi.

Muthama, mwanangu, simama watu wakuone. Ndiyo hivyo. Hata siku ya kustaafu unasimama kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Acha kwanza nimsifu, maana anastahili. Huyu hajala kuku wa mjane. Hakuna mama wa huku aliyelala rumande kwa ajili yake. Ukimwita kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anakuja, ingawa anakuja ugomvi umeshaisha na watu wanakunywa uji. Hayo ni mazuri, na ni yake. Lakini kuna jambo moja analosifiwa ambalo si lake, nalo ni hilo lililoandikwa kwenye lile jiwe lililofunikwa kitambaa, ambalo Bwana DO amekuja kulifunua. Nilimuuliza mwalimu mkuu jiwe linasema nini. Akaniambia, "Susu, linasema Silanga ya Muthama, mjenzi wa taifa."

Bwana DO, wewe ni mgeni, umeletwa kwetu juzi, na umeambiwa bwawa hili lilijengwa na Muthama. Nani alikwambia? Ni televisheni. Watoto wa shule yetu nao ukiwauliza wanasema Muthama. Mjukuu wangu mwenyewe aliniambia hivyo, mimi ambaye viganja vyangu bado vina sugu. Nikamuuliza, "Na mimi nilikuwa wapi?" Akasema, "Susu, wewe ulikuwa kwaya."

Kwaya. Mimi ambaye Pasta aliniomba niimbe polepole ili wengine wasipotee.

Sasa sikieni ilivyokuwa. Ule mwaka wa njaa kubwa, ng'ombe walipokuwa wanatafuna magunia, yule mama mnayemwona pale mbele, Kasyoka, alisimama hapa penye korongo akasema, "Kila masika maji hupita hapa yakikimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Kwa nini tusiyashike?" Tukaanza kuchimba. Wanaume wakapita wakicheka, wakasema tunachimba kaburi la ng'ombe. Muthama alikuwa mmoja wao. Usikohoe, Muthama, nitafika kwako.

Mwethya yetu ina sheria, na sheria yenyewe iko kwenye wimbo. Kasyoka ndiye mwimbishaji. Ukibeba karai la udongo kutoka chini mpaka juu ya ukuta, yeye analiingiza jina lako ndani ya wimbo. Usipobeba, huimbwi. Na ambaye hajaimbwa haonji muthokoi ya mwethya, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharage, hata kama ameketi karibu na chungu na mate yanamtoka. Hakuna mkubwa wala mdogo. Pasta alibeba akiwa na tai. Mzee Abdow alikuja kuuliza kama ng'ombe wake wa kuuza watapata maji, tukamjibu kwa karai. Mama Deqa alibeba akiwa na mimba. Tulimwambia apumzike, akatuuliza, "Huyu mtoto akizaliwa atakunywa maji au atakunywa maneno?" Akaimbwa siku hiyo hiyo. Ndivyo silanga ilivyopanda, kichwa baada ya kichwa.

Miaka ikaenda. Uhuru ulipofika miaka ishirini, tukasikia televisheni inazunguka nchi nzima kutafuta waliojenga taifa, na watakuja hapa. Sasa nawauliza, mama wa Ukambani akiambiwa anakwenda kuonekana na nchi nzima, anafanya nini? Anaoga. Tulioga, tukapaka miguu mafuta, tukavaa zile nguo nyeupe za chama cha akina mama wa kanisa, vitambaa vya kichwa vimepigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Majembe na makarai tukayaficha nyuma ya kichaka ili yasituaibishe. Tukapanga mstari hapo mbele ya maji, tunang'aa kama sufuria mpya.

Mkubwa wa kamera akashuka kwenye gari, akatutazama, akasema, "Kwaya imefika mapema. Wafanyakazi wako wapi?"

Nikamwambia, "Ni sisi."

Akacheka, tena kwa heshima. Akasema, "Mama, mmependeza kabisa, lakini mnaziba silanga. Sogeeni kando kidogo."

Tukasogea. Ndiyo, hata mimi. Mtu akikwambia umependeza, miguu inamtii kabla kichwa hakijafikiri.

Kumbe upande wa pili punda wa Muthama alikuwa amezama kwenye tope. Muthama hakuja kwa ajili ya televisheni, alikuja kwa ajili ya punda. Akaingia kichakani akachukua jembe la kwanza aliloona, nalo lilikuwa la Kasyoka, lenye mpini uliofungwa mpira wa tairi. Akachimba, akavuta, punda akatoka, nasi tukapiga makofi na Kasyoka akaanzisha wimbo wa mwethya. Kisha Muthama akapanda ukuta huu: shati limepasuka, tope mpaka masikioni, jembe begani, jua liko nyuma yake. Yule mtu wa kamera nusura alie kwa furaha.

Akamuuliza, "Mzee, kazi ilikuwa ngumu?"

Muthama akasema, "Ngumu sana. Mgongo wote umekwisha."

"Nani alikusaidia?"

"Nani anisaidie? Hawa akina mama si unaona wamevaa vizuri?"

Muthama alikuwa anazungumza juu ya punda wake. Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia. Lakini nchi ya Kenya ilisikia silanga.

Siku ya kuonyeshwa, Mzee Abdow alituchukua kwa lori lake la ng'ombe mpaka dukani kwake Mwingi, ambako kulikuwa na televisheni ya betri ya gari. Kasyoka tulimketisha mbele kabisa. Macho yake yalikuwa yameshamwacha, lakini masikio ni mazima. Tukaona Muthama anajaa kioo chote. Punda alionekana vizuri. Sisi tulionekana kidogo, tukipiga makofi, na sauti ya mwanamume ikasema wananchi wamekuja kumpongeza shujaa wao. Chini ya sauti hiyo ilikuwa sauti ya Kasyoka, anaimbisha. Nikamwona anatabasamu gizani kwake. Alikuwa anangoja wimbo ufike kwenye majina. Ulipofika mlangoni pa majina, wakaukata, wakaweka habari za kiwanda.

Kasyoka akanishika mkono. "Kavata, wamefika wapi?"

"Mlangoni."

"Hawakuingia?"

"Hawakuingia."

Tukapanda lori, likakaribia nyumbani. Ndipo akaniuliza, "Na jembe langu, limeonekana?" Nikamwambia limeonekana vizuri sana. Akasema, "Basi mmoja wetu amefika Nairobi."

Tulicheka sana kwenye lile lori. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka.

Ndugu zangu, nawauliza tu, mimi ambaye sikusoma. Barabara hii ya Garissa malori yanapita usiku na mchana. Mmewahi kuona kwenye televisheni uso wa aliyevunja kokoto zake? Mama Deqa, wakionyesha watu wa kwenu, wa upande wa Garissa, wanaonyesha nini? Ngamia na bunduki. Karai lako halijaonyeshwa hata siku moja. Na kama historia ya nchi ni ya wale waliokutwa na matope siku ya kamera, aliyechimba miaka akaoga siku moja aandikwe wapi?

Muthama, wewe hukusema uongo. Nataka wote walisikie hilo. Lakini kesho yake ulipoitwa "shujaa" sokoni, uliitika. Kesho kutwa ukaitika tena. Baadaye ukanunua kofia. Na jioni ile ya kamera ulikaa na wageni ukala muthokoi yetu, ukaomba uongezwe, na jina lako halijaimbwa mpaka leo. Tumeliweka moyoni kama akina mama wanavyoweka mambo, yaani tumelisema kila Jumatano ya mwethya.

Sasa zawadi. Kitu kile kilichofungwa kwa leso, ambacho Muthama anakitazama tangu asubuhi akidhani ni redio: akina mama, fungueni. Ni karai. Ndani kuna udongo uliochimbwa leo chini ya silanga hii hii, maana imejaa mchanga na msimu ujao itashika maji ya bata tu. Bwana DO, usinikunjie uso, haya si matusi. Kwetu mgeni hapewi karai. Anayepewa karai ni mtu wa nyumbani.

Muthama, chagua. Jiwe lifunuliwe kama lilivyo, nasi tutapiga makofi kwa sababu tuna adabu, na kijana huyu ataipelekea Kenya ile hadithi ya punda mara ya pili. Ama ubebe karai hili mpaka juu ya ukuta, Kasyoka aimbe wimbo wote na kuingia kwenye majina, na jina lako liingie kwa haki yake, mwisho wa majina yetu, mahali pa aliyekuja mwisho. Fundi wa jiwe yuko hapa na patasi yake. Atasikiliza majina, achonge.

Unasema nini? Mgongo? Punda naye alikuuliza habari za mgongo?

Haya. Tazameni, anavua koti. Mama Muthama, mshikie mzee koti, na ile kofia pia. Mwekeeni ngata kichwani, karai lisimuumize, tunamuaga, hatumuui. Mwanangu, taratibu, shingo iwe sawa. Uzuri wa kuchelewa ni kwamba njia umeshatengenezewa.

Wewe wa kamera, mimi umenipiga picha ya kutosha. Mgeukie Kasyoka, na usikate. Wimbo ni mrefu kwa sababu watu ni wengi, na wengine wao wamelala kaburini, hawawezi kuja kukuomba uwangoje. Mara hii hatukuoga, umeona mwenyewe miguu yetu. Wafanyakazi ndio hawa.

Bwana DO, karai la pili liko nyuma ya kiti chako. Nimesikia ukisema utakula pamoja nasi, na muthokoi iko motoni, mama Deqa ndiye aliyeshika mwiko.

Kwa niaba ya akina mama wa Ngwatanio, asanteni kwa kunisikiliza na njaa yote hiyo. Kasyoka, dada yangu, mlango uko wazi. Imba, tuingie.