Ushahidi wa Nyumba ya Udongo

Basi dogo la Coaster lilipotoka Moshi kupanda kwenda Mkuu, dada mmoja alikunjua ramani magotini. Mzee aliyeketi kando yake akaisoma bila kuombwa. Mimi nyuma yao niliisoma pia.

"Shikamoo baba," dada akasema, labda kutukumbusha adabu.

"Marahaba. Nyumba zote hizi za nani?"

"Nataka kujenga sita za matofali ya udongo, katikati ya migomba, nisikate mti hata mmoja. Kibali nimenyimwa. Halmashauri wanataka ushahidi kwamba ukuta wa udongo unadumu."

"Nyumba ya mama yangu ilidumu miaka arobaini."

Dada akatoa kalamu. "Iko wapi baba, nikaipige picha?"

Mzee akageukia dirishani.

"Niliibomoa mwenyewe," akasema, "nikamjengea ya saruji. Nikamwambia, mama, umaskini umekwisha. Alilalamika baridi mpaka anafariki."

Dada akafunika kalamu.

Gari liliposimama, mzee alishuka, kisha akarudi dirishani.

"Waandikie hivi: tulikuwa wanaume wanne wenye nyundo, na kuibomoa kulituchukua siku tatu."