Begi Jipya la Fundi Mizani

Pembeni pa kibanda cha kinyozi, penye benchi lililopoteza mguu mmoja likapewa tofali, kahawa ilikuwa imekwisha kunywewa mara mbili na pikipiki ya Fundi Mizani bado haijaondoka. Fundi huyu hutengeneza mizani za madukani. Huzunguka miji midogo siku nne, akizipima moja moja kwa mawe yake ya shaba, kisha hurudi. Safari hii ilikuwa na neno. Binti yake, aliyeolewa mji wa tatu katika mzunguko huo, alikuwa amejifungua, na Fundi alikuwa ameahidi kumpeleka mkewe akamwone mjukuu. Ahadi hiyo Shangazi, muuza kahawa, ndiye aliyeitoa kinywani mwake, kwa kumsema wiki mbili mfululizo mbele za watu. Kwa hiyo asubuhi hiyo alikuwa na haki ya kuitazama pikipiki kama mama mwenye harusi. Lakini pikipiki hakuitazama. Alikuwa akitazama begi.

Miaka yote Fundi alibeba mawe yake katika sanduku la bati lililofungwa kwenye keria. Keria ikakatika, na si hasara, maana sanduku lilikuwa likiyagonganisha mawe njia nzima, na jiwe likimeguka chembe, duka zima linasema uongo. Akaenda kununua begi laini la kufunga nyuma. Habari za ununuzi ule zilifika benchini kabla yake. Alikwenda dukani na chupa ya maji, akalimwagia begi pale pale juu ya kaunta, akangoja, akatia mkono ndani kupapasa kama pamelowa. Akavuta mshono kwa meno. Mwenye duka alitaka kumfukuza, na mwishowe akabaki akimuuliza maswali. Shangazi, ambaye hajawahi kuisifia hata mvua iliyomwoteshea mahindi, alisema hapo ndipo alipojua kwamba mtu yule ana akili, ila huzitoa kwa zamu.

Sasa Breki, fundi wa pikipiki, alikuwa amemaliza kulifunga. Aling'oa siti, akapitisha mikanda minne chini yake, akairudisha na kukaza bolti.

— Ncha zote nimezikunja, nimezibana kwa mpira wa tyubu, alisema. Ncha ikining'inia inaingia kwenye gurudumu, na hapo utakwenda kumsalimia babu yako kaburini.

— Na bomba la moshi? aliuliza Fundi.

— Vidole vinne vya nafasi. Halitaungua.

— Vidole vya nani? alisema Shangazi. Chako kimoja ni sawa na viwili vya binadamu.

Breki akapima upya kwa vidole vya Fundi. Vikaingia vitano. Hata Shangazi akaguna, na kwake kuguna ni shahada.

Profesa, yule kinyozi, alitoka na wembe mkononi akimwacha mteja na povu la upande mmoja. Akalizunguka begi.

— Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza.

— Begi la mwenzako linakwenda kutembea siku nne. Unalitukana? aliuliza Shangazi.

Profesa akasema methali ni kama jembe, inategemea umelishika wapi. Akaleta nyingine: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, alieleza, mawe ya shaba yakilala katika begi laini hupungua uzito. Breki akaunga mkono, akaongeza kwamba begi halina pembe, upepo unateleza tu juu yake, kwa hiyo petroli itakwenda nusu. Profesa akaona hiyo ni kidogo. Yeye alisema begi la namna hii huizoea njia, na safari ya tatu litakuwa linalala lenyewe kwenye kona kabla ya dereva. Mteja mwenye povu, aliyekuwa amefika mlangoni na taulo shingoni, akasema amesikia la jamaa mmoja lilivuka mto.

— Peke yake? aliuliza Shangazi.

— Na pikipiki ilifuata.

Shangazi aliwaacha waropoke. Kichwani alikuwa na furaha yake mwenyewe. Breki mwanzoni alitaka begi likae mwisho kabisa, juu ya taa ya nyuma. Shangazi ndiye aliyekataa. Miaka arobaini amebeba birika la moto na makaa yake, anajua mzigo mzito ukikaa mbali na mwili unakuangusha. Lisogezwe mbele, alisema, liguse mgongo wa dereva, la sivyo gurudumu la mbele litakuwa jepesi. Breki alisogeza, akatikisa pikipiki, akakubali mbele ya mashahidi kwamba bibi kamshinda. Na kweli lilipendeza. Lilikaa pale kama limezaliwa na siti.

Ndipo mke wa Fundi akakata kona, kikapu cha nguo za mtoto mkononi, viatu vya safari miguuni.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Njoo uone.

Mama yule si mtu wa benchi. Alisimama mbele ya begi, akalibonyeza, akapitisha kidole kwenye mshono. Alisema wiki nzima mumewe alikuwa akimwimbia habari za begi hili, naye akadhani anatia chumvi.

— Ni zuri kweli, alisema. Sasa mimi nakaa wapi?

Fundi alitazama siti. Sehemu iliyobaki ilimtosha yeye, na si sana. Breki alitazama bolti alizozikaza kwa nguvu zake zote. Profesa alikumbuka kwamba ana mteja. Mteja akarudi ndani na povu lake.

— Nasubiri, alisema mama yule, akaja kuketi.

Shangazi, ambaye hajapata kumpisha mtu benchini, akasogea. Aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa nusu, mashapo matupu. Akayanywa mwenyewe.