Mkono wa Tatu: Risala ya Wakata Nyasi wa Klabu ya Mteremko

Mgeni rasmi Bwana Rajinder, uliye pia mwenyekiti wa bodi yetu, meneja, wanachama mliokuja na familia zenu, na wenzetu wa jikoni, wa stoo na wa geti: tunawasalimu nyote.

MAKARIBISHO

Sisi wakata nyasi wa Klabu ya Michezo ya Mteremko tumefurahi kukuona karibu. Tumezoea kukuona ukiwa pale barazani na kikombe chako cha chai, sisi tukiwa ng'ambo ya uwanja wa kriketi, na ukitupungia mkono tunapunga pia hata kama hatuna hakika ni sisi unaotupungia. Leo ni sisi. Karibu sana, na asante kwa mashine nne mpya. Habari hiyo ilipotufikia tulipiga makofi, hata nyapara wetu Ogada, ambaye kanisani kwenyewe hapigi.

Kuna jambo dogo kabla hatujaendelea. Ratiba inasema utavuta kamba, uwashe mashine moja, upigwe picha. Tafadhali, mzee, usivute bado. Mashine mpya hutoka kiwandani bila oili ndani ya injini, na hizi zimetolewa kwenye katoni jana jioni, hakuna aliyezitia. Wewe umeuza spea pale mjini miaka mingi, hatuwezi kukufundisha injini kavu inakufaje. Picha ingoje kidogo. Nani atatia hiyo oili, hilo ni ombi letu, na tutalifikia.

HISTORIA YETU

Tulianza kama watu wanne wenye slasha, yale mapanga ya kufyekea. Sasa tuko kumi na wawili, tukiwa na mashine tano za petroli, zile za kusukuma ukitembea nyuma yake. Kitabu cha maagizo kilikuja nazo, kikaingia droo ya ofisi, na huko ndiko kimekaa. Ogada alifundishwa na dereva aliyezileta, kwa dakika kama kumi, na sisi wengine tukafundishwa na Ogada.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika: kwenye mkono wa kusukumia kuna leva. Ukiibana pamoja na mkono, injini inaenda. Ukiiachilia, injini inazima, breki inashika, na kisu kinasimama baada ya kama kuhesabu tatu hadi nne. Waliotengeneza walijua mtu anaweza kuteleza, kuitwa, au kupiga chafya. Ukiacha tu, inajua umeacha.

Lakini jamani, kubana leva ngumu kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba si mchezo. Muulizeni Wachuka. Wachuka ni mama wa Bondeni, mwaka wake wa nane hapa, na hakuna anayenyoosha mistari ya uwanja kumshinda. Mwaka wa kwanza vidole vyake vilivimba hadi jioni mwiko wa ugali ulikuwa unamponyoka, na binti yake akawa ndiye wa kusonga. Ogada alipomwona akijikanda mikono akamletea dawa yetu, kipande cha blada. Tunasema blada ya trela, ile ya tyubu nene, ambayo ndugu ya Ogada anayeziba pancha Salgaa humkatia bure. Unaizungusha kwenye leva na mkono, unakaza, na mashine inaenda yenyewe ikibanwa na mpira.

Tuliiita mkono wa tatu. Kila mfanyakazi mpya alipewa yake siku ya kwanza, kabla hata ya gambuti. Wachuka alishona uzi mwekundu kwenye yake, uliotoka kwenye sweta ya shule ya binti yake, ili isichanganyike na za wengine. Hatukuona ubaya, tuliona ni huruma.

Desturi ya pili ilizaliwa na ile ya kwanza. Mashine hizi zikipata joto zina kiburi, ukizima unaweza kuvuta kamba hadi bega litoke. Kwa hiyo saa ya chai hatukuzima. Tulipokezana ikinguruma. Anayetoka anafungua blada yake, anasema "nimetoa", na anayeingia anabana leva kwa mkono wake au anafunga kwa blada yake.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu ile Alhamisi ya mwezi wa tano, ambayo tutaieleza hapa chini, hatujafunga leva hata mara moja. Hizo ni wiki saba.

Tulimwomba karani atusomee kitabu, akakitoa kwenye droo, akatusomea siku tatu mfululizo tukiwa na chai. Tuliaibika. Mambo mengi tulikuwa tunayajua nusu nusu. Sasa kabla ya kuwasha tunatembea uwanja mzima kwa miguu tukiokota. Wiki ya kwanza peke yake tuliokota mawe ya debe moja, waya wa uzio, mipira ya kriketi, na sahani ya kutoka jikoni, ambayo jikoni wanakana hadi leo. Kitu kama hicho kikipigwa na kisu kinaruka kuliko jiwe la kombeo. Watoto na wageni hawakaribii, na mtu akija kutuuliza njia tunaachilia leva kwanza ndipo tumjibu.

Petroli tunatia injini ikiwa imepoa, kwenye murram ya njia ya gari, si ndani ya stoo na si juu ya nyasi, na anayevuta sigara anajulikana na anafukuzwa. Oili tunapima kwa kijiti kila asubuhi. Urefu wa magurudumu tunapanga mashine ikiwa imezimwa, yote manne kipimo kimoja, kwa maana Ogada aliwahi kukata kiwanja cha tenisi kikawa na ngazi. Kwenye mteremko ule wa kuelekea mtoni tunakata kwa kukingama, hatupandi wala kushuka, na hatuvuti mashine kuja miguuni. Nyasi zikiwa na umande tunangoja jua la saa nne, hata meneja akikunja uso.

Na mtu akitaka kugusa kisu, au chini ya mashine, kwa sababu yoyote ile, anaachilia leva, anangoja kisu kisimame, anachomoa kofia ya plagi ili moto ukatike, anaiweka mbali, ndipo anainama. Hata kwa jani moja. Hilo tunalisema kwa pamoja kila asubuhi, kama sala.

CHANGAMOTO

Risala iliyopitishwa ofisini ilisema hapa kwamba changamoto ni za kawaida. Samahani, meneja. Tulikaa jana tukaiandika upya.

Mwezi wa nne alikuja mwenzetu wa kumi na mbili, Lewis Mwaura, kutoka Olenguruone. Huko alikuwa akikata nyasi za kanisa kwa mashine ya mchungaji, na mchungaji alimfundisha vizuri kutushinda sisi wote. Ogada alipompa blada yake Mwaura alicheka. "Boss, hii nitafungia maziwa kwa baiskeli," akasema, na kweli akafungia maziwa. Tulimcheka wiki nzima. Tulimwambia mikono itamfunza adabu.

Alhamisi hiyo ilikuwa imenyesha usiku. Nyasi za nyuma ya jukwaa zilikuwa zimefika magotini, na meneja alitaka ziishe kabla ya mechi ya Jumamosi. Wachuka ndiye aliyekuwa na mashine. Ilipofika saa nne Mwaura akaja kumpokea.

"Shika, chai inapoa," Wachuka akamwambia. "Usiizime, leo ikizima haiwaki tena."

"Sawa mathe. Nibakishie mandazi."

"Mandazi ni mbili tu kwa kila mtu. Fanya kazi."

Wakacheka. Mwaura akashika mkono wa mashine juu ya mkono wa Wachuka, na Wachuka akaondoka. Hakusema "nimetoa", kwa sababu hakuwa ametoa. Ile blada nyeusi ilibaki pale kwenye mkono mweusi wa mashine, uzi wake ukiwa upande wa chini, na kiganja cha Mwaura juu yake. Mawazo yake Wachuka yalikuwa kwenye chai.

Alikuwa hajafika jikoni aliposikia injini ikikabwa na nyasi mbichi na kunyamaza. Hakugeuka hata, mashine kukabwa ni jambo la kila siku. Kule nyuma Mwaura aliachilia mkono. Kwake yeye, aliyefundishwa vile mashine ilivyotengenezwa, kuachilia kulimaanisha leva imeruka, moto wa plagi umekatika na breki imeshika. Akainama kutoa bonge la nyasi. Kofia ya plagi hakuichomoa. Hilo ni kosa lake, amelikubali, na hatulifichi. Lakini leva haikuwa imeruka. Ilikuwa imebanwa na blada, na injini ilikuwa ya moto, bado ina uhai. Bonge lilipong'oka kisu kikazunguka, na injini ikakohoa mara moja tu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda.

Wachuka alisikia kelele akarudi mbio. Yeye ndiye aliyemfunga Mwaura mkono kwa leso yake ya kichwani, na yeye ndiye aliyeshikilia mkono huo hewani hadi hospitalini.

Jioni meneja alituita kwenye stoo. Alikuwa ameshika ile blada. "Nani alikuwa na hii mashine?" akauliza. Tukatazama chini. Wachuka alitazama gambuti zake. Alifikiria karo ya binti, alifikiria miaka minane, na mdomo ukakataa kufunguka. Sisi kumi wengine tulikuwa na blada zetu mfukoni, na midomo yetu pia ikakataa. Meneja akaandika kwamba Mwaura alifunga leva kinyume cha maagizo. Akasimamishwa kazi, na kikao cha nidhamu ni Jumatatu hii.

Wachuka alimpelekea uji hospitalini. Mwaura aliunywa kwa mkono wa kushoto, ukamwagika kidogo, Wachuka akapangusa. Ndipo Mwaura akamuuliza jambo moja tu.

"Mathe, ni wewe ulikuwa umefunga?"

"Nilisahau kutoa."

"Sawa," akasema, akageukia ukuta.

Meneja alimhoji Mwaura mara mbili baada ya hapo. Alisema yeye hakufunga, na alipoulizwa basi ni nani, alirudia hilo hilo. Hakumtaja Wachuka hata mara moja, na Wachuka tangu siku hiyo hali mandazi. Anayaweka kwenye sahani, anayaangalia, anampa mtu mwingine. Tumechoka kumwona hivyo, na tumechoka kujiona sisi wenyewe.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi mengi. Leva ni ngumu kwa sababu nyaya zake zimeshika kutu, tunaomba zibadilishwe. Tunaomba kila mtu akate nusu saa kisha apumzishe mikono, azime mashine kabisa, na ikigoma kuwaka basi igome, tungoje ipoe. Tunaomba viatu vya chuma mbele, maana gambuti ni mpira tu, na miwani. Kitabu kiandikwe kwa Kiswahili, kitundikwe stoo. Karani amesema atasaidia.

Ombi kubwa ni Jumatatu. Tunaomba bodi isikae kumhukumu Mwaura kwa blada ambayo hakuifunga. Alikosa mara moja, kwa ile kofia ya plagi. Sisi tulikosa kila siku kwa miaka minane, na tukamwona yeye mjinga. Kama ni lazima mtu asimame mbele ya kikao, tutasimama kumi na mmoja. Na kazi yake tunaomba arudishiwe, awe wa kutufundisha sisi na kila mpya atakayekuja. Hakuna hapa anayejua mashine hizi kumshinda, na hakuna atakayebishana naye akiinua mkono ule.

Mwaura yuko nje ya geti tangu saa mbili asubuhi. Askari amemkataza kuingia, na hatumlaumu, ndivyo alivyoagizwa. Tunakuomba uagize lifunguliwe. Aje atie oili kwenye mashine hizi nne, apime kwa kijiti, akuonyeshe leva, ndipo uvute kamba na upigwe picha. Kama picha ina nafasi, naye awemo.

HITIMISHO

Mkebe huu wa rangi tunaokukabidhi una blada kumi. Tumezitoa mifukoni asubuhi hii, kila mtu yake. Ya kumi na moja iko kwenye faili ya meneja, imeandikwa jina la Mwaura. Tunaomba uifungue faili hiyo leo, uitazame vizuri. Utaona uzi mwekundu. Ya kumi na mbili iko pale getini, imefunga mtungi wa maziwa kwenye baiskeli, na haijawahi kufunga kitu kingine.

Mungu akupe afya, mzee, wewe na nyumba yako, abariki klabu hii na mikono yote inayoitunza, iliyo mizima na isiyo mizima.

Ni sisi, Wakata Nyasi wa Mteremko.

Risala imesomwa na Wachuka, mwenye uzi mwekundu.